Kitabu Kilichoishia Mwaka 1895: Kisa cha Tom von Prince, Afisa Aliyeiandika Iringa

Kosa lililonifanya nimsome upya Tom von Prince, afisa wa jeshi la kikoloni la Ujerumani, lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nikifundisha historia kidato cha tatu mjini Iringa, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujikongoja katika maandishi ya Wajerumani kamusi ikiwa mkononi, niliwaambia wanafunzi kwamba ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilivamiwa tarehe 30 Oktoba 1894 mahali paitwapo Iringa. Jumamosi moja tukapanda jiwe la Gangilonga, na kutoka juu yake nikawaonyesha kwa kidole mitaa ya mji iliyo chini, nikieleza ukuta ulipita wapi na askari waliingilia upande gani. Wanafunzi wakaandika kila neno. Wiki mbili baadaye tulipokwenda Kalenga, mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kivuli nje ya makumbusho alimsikia kijana wangu mmoja akimsimulia mwenzake habari za ukuta wa Gangilonga. Aliniita pembeni, bila shaka ili asinivunjie heshima mbele ya watoto.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Hawa watoto umewapeleka kuutafuta ukuta mjini?"

Nikakiri. Akacheka kidogo, akaipiga ardhi kwa ncha ya fimbo yake. "Iringa ni lilinga, mwalimu. Ni boma. Lilinga lilikuwa hapa tuliposimama. Mjerumani alipohamia kule kujenga la kwake, alihama na jina."

Ndivyo ilivyokuwa. Maandishi ya Kijerumani ya wakati ule huiita ngome ya Kalenga kwa jina la Iringa, na pengine Kuirenga, kwa kuwa waandishi wake walikuwa wakilinasa neno la Kihehe kwa masikio ya Kizungu. Mji tunaouita Iringa leo ulianza mwaka 1896, kilomita kama 15 kutoka Kalenga, na aliyeuanzisha ni Tom von Prince huyo huyo. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ndilo kiini cha uchambuzi huu: mtu aliyeivunja Iringa ya kwanza na kuijenga ya pili, kisha akashika kalamu akaandika kitabu, ameandika nini na ameacha nini, na sisi tunaoishi juu ya kazi ya mikono yake tumeyapokea vipi hayo aliyoyaacha?

Mtu mwenyewe

Prince alizaliwa mwaka 1866 katika kisiwa cha Morisi, baba yake akiwa Mwingereza na mama yake Mjerumani. Alifiwa na wazazi mapema, akapelekwa Ujerumani kwa jamaa za mama, akasomea huko na kuingia jeshi la Prussia. Katika chuo cha kijeshi alikuwa pamoja na Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye baadaye ndiye atakayekuwa kamanda wake wa mwisho. Jina hilo la "von" hakuzaliwa nalo. Aliongezewa na Kaisari baadaye, kwa utumishi wake katika Afrika, na hili si jambo la pembeni, kwa sababu linatuonyesha kwamba sifa zote za mtu huyu zilichimbwa katika ardhi ya huku kwetu. Bila Kalenga angekuwa luteni mmoja kati ya maluteni wengi.

Alifika pwani mwaka 1890, akiwa kijana wa miaka 24, katika jeshi la kikoloni ambalo maafisa wake walikuwa Wajerumani na askari wake walikuwa Wasudani, Wazulu, Wamanyema, Wanyamwezi na watu wa pwani, wenye vyeo vilivyochanganya Kituruki na Kiswahili: efendi, bashaushi, shaushi, ombasha. Askari hao ndio waliompa jina la Bwana Sakarani. Neno hilo ni la Kiarabu lililoingia katika Kiswahili, nalo maana yake ni mlevi. Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba hakuwa mlevi wa pombe, bali akiingia vitani alikuwa kama mtu aliyelewa. Jina alilipenda kiasi kwamba alipoacha jeshi na kwenda kulima katika milima ya Usambara, shamba lake lilibeba jina hilo, na mpaka leo mahali pale karibu na Soni panaitwa Sakarani. Nadhani hakuna jina la utani la askari lililodumu kiasi hicho katika ramani ya Tanzania.

Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1914. Kichwa cha habari kinasema ni vita dhidi ya Waarabu na Wahehe, na chini yake kuna maneno ambayo kwa muda mrefu niliyaruka kama msomaji anavyoruka jina la mpiga chapa: ni kumbukumbu za miaka yake ya uluteni katika Afrika Mashariki, 1890 hadi 1895. Mwezi Novemba wa mwaka huo huo wa 1914, Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga kwa kikosi kikubwa kilichotoka India, Prince aliuawa katika mapigano ya mjini, tarehe 4, akiwa chini ya Lettow-Vorbeck. Kitabu na kifo vilifuatana ndani ya mwaka mmoja, hivyo mwandishi hakupata nafasi ya kuongeza wala kurekebisha.

Siku ya Kalenga

Ili kuona afisa anavyoandika, ni vizuri kuanza na jambo ambalo jeshi lenyewe lililiandika kwa uangalifu zaidi, nalo ni kushindwa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam, Wahehe waliuvamia msafara wa Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, na kwa dakika chache wakaumaliza. Wazungu 10 waliuawa pamoja na askari na wapagazi wanaokaribia 300, na mizinga na bunduki zikatekwa. Simulizi ya Wahehe humtaja kijana wa miaka kama 16 aliyemchoma Zelewski mkuki, akazawadiwa ng'ombe. Tunayajua mengi ya siku ile kwa sababu Luteni Tettenborn, aliyekuwa nyuma ya msafara na kunusurika, alilazimika kuwaeleza wakubwa wake ilikuwaje. Jeshi lililoshindwa hudai maelezo: nani alikuwa mbele, bunduki zilikuwa zimejazwa au la, kwa nini hakukuwa na wapelelezi pembeni. Taarifa ya namna hiyo, hata ikiwa imejaa dharau kwa adui, hubeba mambo mengi ya kweli kwa kuwa mwandishi wake anajitetea mbele ya watu wanaoijua kazi.

Prince hakuwapo Lugalo. Yeye ni mtu wa kisasi kilichofuata. Januari 1893 alikuwa Tabora, ambako ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, ilivunjwa, na Isike akaamua kujilipua na baruti yake kuliko kukamatwa. Mwaka uliofuata gavana mwenyewe, Friedrich von Schele, aliongoza jeshi hadi Kalenga, na Prince alikuwa miongoni mwa maafisa walioongoza kuuvamia ukuta.

Anayefika Kalenga leo akitazamia ukuta atasikitika. Pana makumbusho, pana makaburi ya familia ya mtwa, yaani mtawala wa Wahehe, pana mto Ruaha Mdogo ukipita taratibu, na mawe ya ukuta mengi yameshaingia katika misingi ya nyumba za watu. Lakini ukisimama pale asubuhi ya Oktoba, wakati nyasi zimekauka na mvua bado, unaona mara moja kile ambacho afisa alikiona: uwanja tambarare, mto upande mmoja, vilima kwa mbali vinavyofaa kuweka mizinga. Wenyeji husimulia kwamba mizinga ilipigwa kutoka upande wa Tosamaganga, na jina la kilima hicho hufasiriwa kuwa ni kutupa mawe. Sitaki kuapa juu ya asili ya jina, kwa maana majina ya mahali yana tabia ya kujitafutia hadithi nzuri, ila simulizi hiyo inasema jambo moja waziwazi: watu wa huku waliikumbuka siku ile kwa kile kilichowaangukia kutoka juu.

Afisa aliikumbuka kwa namna nyingine. Macho ya luteni yalifundishwa kuona urefu wa ukuta, mahali penye pengo, idadi ya bunduki, umbali wa mto, nani alikuwa wa kwanza kupanda. Hayo yote ni ya maana, na mimi nayachukua kwa mikono miwili. Ukuta ambao umeshatoweka chini ya nyumba za watu unaishi katika maandishi ya maafisa hao pamoja na michoro yao. Tujue pia kwamba ndani ya ngome hiyo Wajerumani walikuta baruti na pembe za ndovu kwa wingi, jambo linalomwonyesha Mkwawa kama mfanyabiashara na mtawala wa dola, si mtu wa mkuki na ngao tu kama anavyochorwa kwenye mabango. Shukrani hiyo inamwendea adui wake aliyehesabu nyara, kwa kuwa askari hupenda kuhesabu nyara.

Lakini luteni ana neema moja ambayo msomaji hana budi kuiangalia kwa makini. Luteni hupewa amri. Hakuamua vita iwepo, hakuamua Kalenga ishambuliwe lini, hakuamua watu wafanywe nini baada ya moshi kutulia. Yeye aliambiwa panda, akapanda. Kitabu kinachosimuliwa kutoka mahali hapo kinaweza kuwa cha ushujaa mtupu, tena bila kusema uongo hata mstari mmoja.

Miaka ambayo kitabu hakikuifikia

Sasa turudi kwenye yale maneno ya chini ya kichwa cha habari: 1890 hadi 1895.

Mkwawa hakukamatwa Kalenga. Alitoka, na mwaka 1895 kulifanyika makubaliano ya amani kati ya wajumbe wake na Wajerumani, makubaliano ambayo hayakudumu. Mwaka 1896 Prince, ambaye sasa alikuwa ameoa na kupanda cheo, alikuja Uhehe si kama luteni wa kupanda ukuta bali kama mkuu wa kituo. Alijenga boma kwenye mwinuko ambao ndio mji wa leo, akaanza kutawala, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwatenga Wahehe na mtwa wao.

Mbinu zake zilikuwa za kisiasa kabla ya kuwa za bunduki. Alimrudisha Merere, mtawala wa Wasangu, hadi Utengule, katika nchi ya Usangu, baada ya Wasangu kuishi kwa miaka mingi uhamishoni Usafwa, katika eneo la Mbeya ya leo, walikofukuzwa na Wahehe. Na ndiyo maana kuna Utengule mbili katika nyanda hizi za juu, moja ya Usangu na nyingine ya Usafwa, jambo linalowachanganya wageni hadi leo. Aliigawa nchi ya Mkwawa vipande vipande. Kisha mwishoni mwa 1896 akamsimika Mpangile, ndugu wa Mkwawa, kuwa mtawala wa Wahehe chini ya bendera ya Ujerumani. Ilipofika Februari 1897, hata miezi miwili haikutimia, Prince huyo huyo aliamuru Mpangile auawe, pamoja na wengine, kwa tuhuma kwamba kwa siri alikuwa akimsaidia kaka yake.

Baada ya hapo ikawa ni msako. Vijiji vilivyodhaniwa kumlisha mtwa vilichomwa pamoja na vyakula vyake, ikatangazwa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta, doria zikatoka bomani na kurudi. Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Sajini aliyekuwa akimfuata, Merkl, aliona watu wawili wamelala karibu na moto, akafyatua bunduki, na aliposogea akakuta wote wamekwisha kufa. Jeshi lililomsaka mtu kwa miaka minne lilimpiga risasi maiti. Kichwa kikakatwa na kupelekwa bomani Iringa, na yaliyofuata yanajulikana: kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles kilichodai fuvu lirudishwe, na Gavana Twining aliyelikabidhi Kalenga mwaka 1954 mbele ya Chifu Adam Sapi, mjukuu wa mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Hakuna hata kimoja kati ya hayo kinachoingia katika muda ambao Prince aliuchagua kwa kitabu chake. Mtu aliyeuanzisha mji wa Iringa hakuuweka mji huo katika kumbukumbu zake. Aliyemsimika na kumuua Mpangile aliifunga hadithi yake kabla ya Mpangile. Kwa hesabu ya miaka, kipindi chake kama luteni aliyetumwa kimeandikwa, na kipindi chake kama mkubwa aliyetuma wengine kimebaki nje.

Kwa nini aliishia pale

Kwa haki ya marehemu, maelezo mepesi yapo na yanastahili kupimwa.

La kwanza ni kwamba kumbukumbu za ujana ni aina ya uandishi inayojitegemea. Mzee aliyeacha jeshi, anayelima huko Usambara, anaona raha kuandika miaka ambayo alikuwa na miguu mepesi. Wastaafu wetu wa vita vya Kagera nao ukiwauliza watakueleza kwa saa tatu namna walivyovuka mto, na kwa dakika tatu namna walivyoishi Uganda baada ya Amin kukimbia. Mapigano yana mwanzo na mwisho, na kutawala hakuna. Maelezo haya nayakubali kwa nusu.

La pili ni zito zaidi. Miaka ile ilikuwa imeshaandikwa ndani ya nyumba yake. Mkewe, Magdalene von Prince, binti wa familia ya kijeshi, alikuja naye Uhehe mwaka 1896, na mwaka 1903 alichapisha kitabu kilichotokana na shajara yake kuhusu maisha ya mwanamke wa Kijerumani katika bara la koloni. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba mume na mke waligawana kazi: yeye akachukua vita, mke akachukua kituo. Ukiviweka vitabu viwili hivyo pamoja juu ya meza, cha mume kinaishia karibu kabisa na pale cha mke kinapoanzia, kama viraka viwili vya kanga vilivyoshonwa.

Maelezo hayo yanaeleza jinsi pengo lilivyotokea, lakini hayaliondoi, tena kwangu mimi yanalifanya liwe gumu zaidi. Miaka ya 1896 hadi 1898 ndiyo miaka ambayo uamuzi wa mtu mmoja ulikuwa wa kufa na kupona kwa maelfu, na miaka hiyo imetufikia kupitia kwa mtu ambaye hakuwa na amri juu ya lolote. Mke anaona kilichopita mbele ya baraza: doria ikitoka, doria ikirudi, watwa wakija kusalimu, mumewe akiwa amechoka. Anaandika kwa upendo wa mke, na nani atamlaumu? Lakini hawezi kuulizwa kwa nini amri fulani ilitolewa. Aliyeweza kuulizwa alikuwa anaandika habari za 1894.

Kuna kalamu ya tatu ambayo lazima itajwe hapa, kwa sababu yule aliyeishika naye alikaa katika boma hilo hilo. Ernst Nigmann alikuwa kapteni Iringa wakati wa Maji Maji, na Septemba 1905 alitoka na kikosi chake kwenda kuikomboa boma ya Mahenge iliyokuwa imezingirwa. Mwaka 1908 alichapisha kitabu juu ya Wahehe, historia yao, mila, sheria, vita na uwindaji wao, na mwaka 1911 akatoa historia ya jeshi zima la kikoloni. Nigmann ndiye mwandishi wa kweli kati yao, mtu wa kuuliza na kupanga, na mengi tunayoyasoma kuhusu ukoo wa Muyinga, ukoo wa watawala wa Wahehe, na utawala wa Munyigumba, baba yake Mkwawa, yamepita kwenye daftari lake. Ila naye ni afisa. Aliwahoji watu waliokuwa chini ya amri yake, katika mji ambao miaka kumi tu nyuma ndugu wa mtwa aliuawa kwa tuhuma za maneno. Mwalimu yeyote anajua mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule hujibu nini.

Jambo lililonishtua zaidi nililigundua kwa bahati, nikiwa napanga vitabu hivyo kwa mwaka. Cha Magdalene cha 1903, vya Nigmann vya 1908 na 1911, na cha Prince cha 1914, vyote vinne vilichapishwa na nyumba moja ya Berlin, Mittler und Sohn, wachapishaji waliojulikana hasa kwa vitabu vya kijeshi. Yaani sehemu kubwa ya historia ya maandishi ya Uhehe ilitoka katika mlango mmoja, ikasomwa kwanza na maafisa na wake za maafisa. Shaushi aliyeupanda ukuta wa Kalenga pamoja na Prince naye alikuwa na kumbukumbu, pengine kali kuliko za bwana wake, lakini hakuna Mittler aliyemgongea mlango.

Pengo hilo na sisi

Ningeweza kuishia hapa na kumlaumu Mjerumani, na wasomaji wengi wangeridhika. Lakini kisa hakijakamilika, kwa sababu pengo aliloliacha tumelitunza wenyewe.

Sikiliza namna historia ya Mkwawa inavyosimuliwa, iwe darasani, iwe kwa watalii wanaoteremka Kalenga wakielekea hifadhi ya Ruaha, iwe katika hotuba za siku ya kumbukumbu. Inaanza Lugalo, 1891, kwa shangwe. Inaenda Kalenga, 1894, kwa huzuni yenye heshima. Kisha inaruka moja kwa moja hadi pangoni Mlambalasi, 1898. Hiyo miaka minne ya katikati hupewa sentensi moja: mtwa akaendelea na vita vya kuvizia. Mimi mwenyewe nimeifundisha hivyo zaidi ya mara kumi, na katika mtihani nimewapa alama wanafunzi waliojibu hivyo.

Kwa afisa, miaka hiyo ilikuwa na kunyonga na kuchoma maghala. Kwetu ina mambo mengine yasiyosemeka kirahisi. Nani waliwaongoza doria porini? Nani walipokea ng'ombe na ardhi kutoka kituoni? Nani walimwambia Prince kwamba Mpangile hana nia njema, na je, walisema kweli au walikuwa wanalipiza lao? Wasangu waliorudi Utengule walirudi nyumbani au waliletwa kuwa kisu mgongoni mwa Wahehe? Jibu la swali hilo la mwisho ukilitafuta Rujewa, kwa Wasangu, na ukilitafuta Kalenga, kwa Wahehe, utapata mawili, na yote mawili utapewa na watu wa heshima zao. Kwa hiyo kimya cha mwandishi wa 1914 kiliwafaa watu wengi waliokuja baadaye, wajukuu wa pande zote, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kukivunja.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotaka vitabu vya wakoloni viwekwe kando kwa kuwa vina upendeleo. Upendeleo wa Prince si tatizo kubwa. Anauonyesha waziwazi, na msomaji makini anaushika ukurasa wa kwanza. Kinachotupotosha ni mahali alipoweka kituo, kwa sababu msomaji humpinga mwandishi katika yale aliyoyasema, na akishamaliza kumpinga hufunga kitabu palepale mwandishi alipokifunga. Tumegombana naye juu ya Kalenga kwa miaka mia moja na zaidi. Juu ya Mpangile hatujagombana na mtu yeyote.

Nimebadilisha namna ya kufundisha, ingawa si sana, maana mtaala una safari yake na mimi sina ubavu wa kuusimamisha. Gangilonga bado tunapanda. Nawaonyesha wanafunzi mji ulio chini na kuwaambia huu ndio Iringa ya 1896, nawataka wautafute mwinuko wa boma, ambalo jengo lake la baadaye sasa ni makumbusho, kisha nawauliza ni nani aliyechagua mahali pale na kwa nini si Kalenga. Wengine hutaja hewa. Wengine hutaja ulinzi. Mwaka jana msichana mmoja alisema, "Labda hakutaka kulala mahali alipoua watu," na darasa zima likanyamaza, kwa kuwa baridi ya asubuhi ile haikuwa na mchezo na jibu lenyewe lilikuwa limemtoka kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilirudi pia Kalenga, peke yangu, bila wanafunzi. Mzee alikuwepo, kwenye kivuli kile kile. Nikamsalimu, nikakaa, tukazungumza habari za mvua na bei ya mahindi kama inavyopasa. Halafu nikafungua daftari na kumwomba anieleze alichosikia kwa wazee wake kuhusu Mpangile.

Alitazama daftari kabla ya kunitazama mimi.

"Kalamu iweke kwanza, mwalimu."

Nikaiweka mfukoni. Alizungumza mpaka jua likatuhamisha kivulini mara mbili, na hayo aliyoniambia siyaandiki hapa.